Usingizi ni dawa kwa mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake

Ni saa nane za usiku katika wodi ya watoto wachanga. Taa zote za dari zinawaka. Mashine zinalia, moja huku, nyingine kule. Mlango unafunguliwa na kufungwa kwa kishindo. Ndani ya inkubeta, mtoto wa kilo 1 na gramu 300 ndiyo kwanza anashikwa na usingizi. Mamake, aliyejitanda leso mabegani, anainama na kukitazama kifua chake, kisha anagonga kioo kwa ukucha. Mtoto anashtuka na kutupa mikono hewani. Mama anashusha pumzi. "Yu hai," anasema.

Baada ya dakika kumi, anagonga tena.

Nilikutana na mama huyo mwaka 2008 nilipokuwa daktari mwanagenzi. Nilimwuliza kwa nini alikuwa akigonga kile kioo. Alinijibu bila kunitazama: "Daktari, wa kwanza alinifia akilala. Huyu sitaki alale sana."

Sikuwa na la kumjibu. Isitoshe, mimi mwenyewe nilikuwa nimesimama pale na sindano mkononi, nimekuja kumtoa mtoto yuleyule damu ya kipimo ambacho kingeweza kungoja hadi asubuhi. Yeye kwa hofu na mimi kwa kutojua, sote wawili tulikuwa tukimnyima mtoto kitu kimoja alichokihitaji sana usiku ule, yaani usingizi.

Msomaji, huenda wewe au ndugu yako mtajikuta katika wodi kama ile siku moja. Mtoto anayezaliwa kabla ya wiki 37 za mimba huhesabiwa kuwa amezaliwa kabla ya wakati, ama njiti kama wengi wanavyomwita. Shirika la Afya Duniani, WHO, na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa yalikadiria kwamba watoto milioni 13.4 walizaliwa hivyo mwaka 2020. Huyo ni mtoto mmoja katika kila kumi. Basi hili si jambo la familia chache zenye bahati mbaya.

Kulala ndiyo kazi yake

Mtu mzima hulala ili apumzike baada ya kazi. Kwa mtoto njiti, kulala kwenyewe ndiyo kazi. Kama angalikuwa bado tumboni, angalilala karibu saa zote za mchana na usiku, gizani, amekunjwa vizuri, akisikia moyo wa mamake na sauti za nje zikimfikia kwa mbali. Mtoto aliyetimiza miezi yake hulala karibu saa 16 au 17 kwa siku. Njiti huhitaji zaidi ya hizo.

Sababu ni ubongo. Katika wiki ya 34 ya mimba, ubongo wa mtoto una karibu theluthi mbili tu ya uzito utakaokuwa nao miezi ikitimia. Sehemu iliyobaki lazima ijengwe katika wiki chache, na kwa mtoto aliyezaliwa mapema ujenzi huo unafanyika wodini, mbele ya macho yetu. Mishipa ya fahamu inaunganishwa, ile ya kuona na ile ya kusikia, na kazi kubwa ya kuiunganisha hufanyika mtoto akiwa amelala.

Usingizi wake ni wa aina mbili. Kuna usingizi mtulivu, ambapo mtoto hulala kimya na kupumua kwa mpango. Na kuna usingizi wenye harakati. Katika huu macho huzunguka chini ya kope, uso hukunjamana, midomo hutabasamu, mikono na miguu huruka ruka, na pumzi huenda mbio kisha zikapungua. Mtoto njiti hutumia sehemu kubwa ya usingizi wake katika hali hii ya pili.

Hapa ndipo wazazi wengi hukosea. Wakimwona mtoto akikunja uso na kurusha mkono, hudhani ameamka au anaota vibaya, nao humbeba ama kumpigapiga. La hasha. Amelala, tena ubongo wake uko kazini. Mwache.

Kadhalika, mtoto aliyelala hutumia nguvu kidogo na oksijeni kidogo. Maziwa yale machache anayopewa kwa mrija huenda kwenye kuongeza uzito badala ya kuteketea katika kulia na kushtuka. Mama anayehesabu gramu kila asubuhi mtoto akiwekwa kwenye mizani, na alifahamu hilo.

Maadui watatu

Adui wa kwanza ni kelele. Mwaka 1997, chama cha madaktari wa watoto nchini Marekani kilishauri kwamba kelele katika wodi za watoto hawa zisizidi desibeli 45. Ili upate kufahamu kiasi hicho, mazungumzo ya kawaida ya watu wawili hufika desibeli 60. Inkubeta nayo si ngao kama watu wanavyodhani. Ukifunga kidirisha chake kwa nguvu, ukaweka chupa juu ya kifuniko au ukagonga kwa ukucha, sauti inayomfikia mtoto ndani ni kubwa kuliko ile unayoisikia wewe uliye nje. Ni kama mtu akupigie debe nawe umo ndani ya hilo debe.

Adui wa pili ni mwanga. Kope za mtoto njiti ni nyembamba na hupitisha mwanga kwa urahisi. Tena, mboni ya jicho la mtoto wa chini ya wiki 30 haijajua bado kujikaza mwanga unapokuwa mkali. Hawezi kugeuka, hawezi kujifunika uso, na taa ya dari inamtazama saa 24.

Adui wa tatu ndiye mgumu zaidi, kwa sababu huja na nia njema. Huyu ni mikono. Muuguzi huja kupima joto. Baada ya nusu saa mwingine huja kubadilisha nepi. Kisha huja maziwa, kisha dawa, kisha daktari wa zamu, kisha mtu wa maabara. Kila kazi kati ya hizo ina sababu yake. Lakini mzunguko mmoja wa usingizi wa mtoto mchanga huchukua karibu saa nzima. Mtoto anayeguswa kila nusu saa hamalizi hata mzunguko mmoja tangu asubuhi hadi asubuhi.

Katika miaka ya 1980, mwanasaikolojia Heidelise Als wa Boston, Marekani, alianza kuwafundisha madaktari na wauguzi kumtazama mtoto kwanza kabla ya kumgusa, na kumwuliza kwa macho kama yuko tayari. Kutokana na kazi hiyo tulijifunza kuzikusanya shughuli pamoja, yaani kupima joto, kubadilisha nepi na kulisha zifanywe kwa mkupuo mmoja, kisha mtoto aachwe alale. Lakini hata hapo busara inatakiwa. Mtoto aliye mnyonge sana akirundikiwa mambo mengi kwa wakati mmoja huchoka, na ni lazima apewe nafasi ya kupumua katikati.

Ishara za mtoto

Mtoto njiti hana nguvu ya kulia sana, lakini ana lugha yake. Akitandaza vidole kama mtu anayesema "basi", akipiga kwikwi au chafya mfululizo, akipiga miayo, akigeuza uso pembeni, akipinda mgongo au akibadilika rangi, anakuambia amechoka. Ondoa mikono polepole, punguza sauti, mwache atulie.

Akipeleka mkono mdomoni, akitafuta kwa midomo na kufungua macho kwa utulivu, anakuambia yuko tayari. Huo ndio wakati wa kumlisha na kuzungumza naye.

Utafanya nini wewe mzazi

Usidhani kwamba kazi yote ni ya wauguzi. Katika hospitali zetu nyingi muuguzi mmoja huwa na watoto wengi kuliko anavyoweza kuwahudumia kwa raha, na mkono wako una thamani. Nawa kwanza hadi viwiko, kisha fanya haya:

Moja, zima mlio wa simu yako kabla ya kuingia. Zungumza kwa sauti ya chini, na mazungumzo marefu na wageni yafanyie nje.

Pili, funga vidirisha vya inkubeta kwa vidole, polepole, bila mlio. Usiweke kitu juu yake wala usigonge kioo.

Tatu, uliza kama unaweza kuleta kitambaa safi cha kufunika sehemu ya juu ya inkubeta ili kupunguza mwanga. Usikiweke bila ruhusa, maana wauguzi ni lazima waweze kuiona rangi ya mtoto, na kwa mtoto aliye chini ya taa za kutibu manjano jambo hilo haliwezekani kabisa. Mtoto akishakua kidogo, mwanga wa mchana na giza la usiku humsaidia kujua saa.

Nne, jifunze kumgusa. Usimpapase kwa ncha za vidole wala usimpigepige, kwani mguso mwepesi humsumbua. Weka kiganja kimoja kichwani, kingine kwenye miguu iliyokunjwa, kisha tulia. Mikono yako iwe kama ukuta wa tumbo la uzazi. Kwa sababu hiyohiyo wauguzi huviringisha shuka na kumzungushia mtoto kama kiota.

Tano, anapochomwa sindano omba uwepo. Kumkumbatia hivyo, au kumdondoshea matone ya maziwa yako mdomoni muuguzi akikubali, hupunguza maumivu, na mtoto hurudi usingizini mapema.

Sita, uliza kwa adabu: "Sista, nepi nimbadilishie sasa au tungoje wakati wa maziwa?" Sijamwona muuguzi aliyekasirishwa na swali hilo. Na daktari naye umwulize kama kipimo hicho kinaweza kungoja mtoto aamke. Mara nyingine jibu litakuwa hapana, na hapo umwache afanye kazi yake. Lakini mara nyingine, kama usiku ule wa mwaka 2008, jibu la kweli lingekuwa ndiyo.

Kitanda bora ni kifua

Kitanda kinachompa mtoto njiti usingizi mzuri kuliko vyote hakinunuliwi. Mwaka 1978 huko Bogotá, Colombia, daktari Edgar Rey Sanabria alikabiliwa na tatizo tunalolijua sana sisi. Inkubeta zilikuwa chache na watoto walikuwa wengi. Akaanza kuwaweka watoto kwenye vifua vya mama zao, ngozi kwa ngozi, jinsi kangaruu anavyombeba mwanawe. Kilichoanza kwa sababu ya uhaba kimeonekana kuwa bora hata pale penye mashine.

Utafiti mkubwa ulioongozwa na WHO nchini Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania ulichapishwa mwaka 2021. Ulihusu watoto wa uzito wa kati ya kilo 1 na kilo 1.8. Wale walioanza kubebwa hivyo mara tu baada ya kuzaliwa walikufa wachache kwa robo kuliko wale waliongojeshwa hadi hali zao zitulie. Mwaka 2022 WHO ikashauri kwamba mtoto njiti abebwe kikangaruu kwa saa 8 hadi 24 kwa siku, mapema iwezekanavyo.

Upande wa usingizi, mtoto aliye kifuani hushtuka mara chache, hulia kidogo, na usingizi wake mtulivu huwa mrefu. Joto la mama, harufu yake, mapigo ya moyo wake na pumzi zake humrejesha kule alikotoka kabla ya siku zake.

Namna yake ni hii. Mtoto avalishwe nepi, kofia na soksi tu. Awekwe wima kati ya maziwa ya mama, miguu imekunjwa kama ya chura, kichwa kimegeuzwa upande, kidevu kisiangukie kifua, na pua ionekane wakati wote. Mfunge kwa leso imara, kisha keti ukiwa umeegemea nyuma. Ukimweka, usimtoe kabla ya saa moja kupita, maana kumweka na kumwondoa baada ya dakika chache ni kumwamsha mara mbili.

Na wewe baba, usisimame mlangoni. Kifua chako nacho kina joto. Mama akienda kula, kuoga au kulala, ingia zamu. Na nyanya pia, kama ana afya njema, anaweza.

Hofu ya mama haikuwa ya kipumbavu

Nisimseme vibaya yule mama. Watoto njiti kweli husahau kupumua. Pumzi zikikatika kwa sekunde 20 au zaidi, au kwa muda mfupi zaidi lakini mtoto akabadilika rangi, hilo ni jambo la hatari na hutokea hasa wakati amelala. Ukiliona, sugua unyayo au mgongo wake na umwite muuguzi mara moja. Ndiyo maana mashine zile zipo.

Kwa tatizo hilo watoto wengi hupewa kafeini, dawa ya jamii moja na kile kilichomo katika kahawa. Wazazi huniuliza: "Daktari, kahawa si itamkosesha usingizi?" Usiikatae. Hupewa kwa kipimo cha uzito wake, huukumbusha ubongo kupumua, na faida yake imethibitishwa vyema.

Lakini kumgonga mtoto kila dakika kumi hakuzuii pumzi kukatika. Humchosha tu.

Siku ya kwenda nyumbani

Wodini unaweza kumwona mtoto amelazwa kifudifudi ili apumue vizuri. Pale ana mashine na macho ya wauguzi. Nyumbani, kitandani mwake, alale chali kila wakati, usiku na mchana. Tangu Uingereza mwaka 1991 na Marekani mwaka 1994 zianze kuwahimiza wazazi kufanya hivyo, vifo vya ghafla vya watoto usingizini vilipungua sana, na mtoto njiti ndiye aliye katika hatari kubwa zaidi ya vifo hivyo.

Hata kama mnaishi chumba kimoja, mtengee mahali pake karibu nawe: godoro gumu, bila mto, bila mablanketi mazito yanayoweza kufunika uso. Asilale katikati ya watu wazima, wala juu ya sofa na mtu aliyesinzia. Asivutiwe sigara. Na jiko la makaa lisiwashwe kamwe katika chumba kilichofungwa, hata baridi ya Julai iwe kali namna gani. Hewa yake ya sumu haina harufu, na humuua mtoto na mzazi pamoja.

Usishangae akikosa usingizi siku za kwanza. Amezoea taa na milio ya mashine. Mchana fungua pazia na mwache asikie sauti za nyumbani. Usiku zima taa, mlishe bila maneno mengi na umrudishe alale. Mwamshe kunyonya kwa saa ulizoelekezwa na hospitali, kwa kawaida kila saa tatu hivi, hata kama amelala fofofo, mpaka uzito uimarike. Na usimlinganishe na mtoto wa jirani. Hesabu umri wake kuanzia siku aliyotarajiwa kuzaliwa.

Zaidi ya yote, jua tofauti ya usingizi na ugonjwa. Mtoto anayelala vizuri huamka akanyonya. Mtoto asiyeamka, anayekataa kunyonya, aliyelegea, mwenye joto kali au mwili wa baridi, anayepumua zaidi ya mara 60 kwa dakika, ambaye kifua kinabonyea akivuta pumzi, au aliyegeuka rangi kuwa bluu ama manjano, huyo hajalala. Anaumwa. Mkimbize hospitalini saa hiyohiyo.

Yaliyo mikononi mwa hospitali

Wakubwa wa hospitali wakisoma haya, wasije wakadhani naomba mitambo ya mamilioni. Mafuta kidogo kwenye bawaba za mlango, taa za dari zizimwe usiku na ibaki ndogo ya kando ya kitanda, viti vya kuegemea kwa akina mama, na saa moja ya utulivu kila zamu ambayo hakuna mtoto anayeguswa bila sababu kubwa. Hayo yanawezekana hata katika hospitali ya kaunti ndogo.

Yule mama aliokolewa na sista mmoja mzee wa wodi, si mimi. Kesho yake asubuhi alimketisha kwenye kiti, akamfungua vifungo vya gauni, akamweka mtoto kifuani na kumfunga kwa ile leso yake. Nilipopita kufanya kipimo changu, sista aliniwekea kidole mdomoni, nami nikarudi nyuma. Mtoto alikuwa amelala. Mama naye, kwa mara ya kwanza baada ya siku tisa, alikuwa ametulia.

"Sasa sina haja ya kugonga," aliniambia kwa kunong'ona. "Namsikia akipumua."